Mstari wa Karanga Usiong'olewa

Habari ilinikuta Biwi, jijini Lilongwe, nikimsubiri fundi amalize kunishonea shati: yule mama aliyekuwa akilima karanga pembeni mwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka amefariki. Wasomaji wangu wa kambini watamkumbuka kwa mstari wake. Kila mavuno aliacha mstari mmoja bila kuung'oa, kama walivyofanya wazee wake kule Fizi, Kongo, hadi Jumamosi inayotangulia sikukuu ya mavuno kanisani.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, mtoto wa mjini. Nilipoenda kumsaidia kuvuna mwaka mmoja, nilidhani ameusahau mstari ule, nikaung'oa wote kwa furaha ya kumpendeza. Alipoona, alitazama jembe, akanitazama mimi.

"We muntu ya Bukavu, rudisha."

"Mama, karanga ikishang'olewa haioti tena."

"Nani alikuambia iote? Mi nataka iokotwe. Fukia."

Nikafukia shina moja moja, jua likinichoma mgongo, naye amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anatafuna karanga mbichi. "Ile umeilaza. Simamisha, muntu asijue kama uliharibu."

Mstari ule ulikuwa wa waliofika kambini wakati wenzao wamekwisha kupanda. Jumamosi waling'oa, na Jumapili walisimama kwenye foleni ya matoleo na vikapu vyao kama sisi wengine. Nani angejua kikapu kipi kimetoka wapi? Kambini tunazoea foleni za kupokea, mpaka mikono inajisahau. Yeye alitengeneza foleni ya kutoa. Zamani nilidhani urithi wetu ni ngoma na mavazi tunayowatolea wageni wakija kutupiga picha. Siku hizi nauona zaidi katika kile mtu anachokiacha shambani akiwa na njaa ya kukichukua.

Msibani, watu wakizidi kumiminika, karanga zake zilikuwa bado ardhini. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikwisha kushika jembe. "Bantu banakuya bengi. Tung'oe yote, bakule."

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu mzazi alimsogelea.

"Baba, acha mstari moja. Mwaka tulifika hapa, kikapu nilipeleka kanisani kilitoka mu ule mstari."

Nilikikumbuka kikapu kile. Nilitembea nyuma ya mama siku hiyo nikiringa, na miaka yote niliamini alikinunua sokoni. Kumbe marehemu, akiwa juu ya ndoo yake, alijua kabisa ni mtoto wa nani anayefukia karanga, na hakunitajia kikapu kile kamwe.

Binti wa marehemu alichukua jembe mkononi mwa baba yake mdogo, akaliegemeza ukutani. Mstari ulibaki. Jumamosi hii utang'olewa na watu nisiowajua, na Jumapili nitasimama nyuma yao kwenye foleni. Ukiachiwa usimame kama mtu, usimuulize mwingine kikapu chake kimetoka wapi. Acha mstari.