Msusi wa Annexe na tangazo la simu

Jumamosi nilimpeleka mke wangu kwa msusi wa mtaa wa Annexe, mama aliyekuwa karibu kufunga kibanda chake kwa kukosa wateja. Aliiomba akili bandia ya simuni imtengenezee tangazo. Ikamletea picha ya saluni yenye kuta za vioo.

Akatikisa kichwa. "Bantu batatafuta vioo, batanipita."

Akapiga picha ya nywele za mke wangu alizomaliza kuzisuka, akaiambia simu: "Andika tu: nasukaka bila kuumiza." Ikampangia maneno vizuri, akayatuma pamoja na ile picha kwa majirani.

Tukiwa bado tunaongea, wanawake wawili wa mtaa wa pili wakachungulia. "Mama, tumeona ile kichwa kwa telefone. Iko fasi ya kukaa, utusuke na siye?"

Akafunika mdomo kwa viganja, kisha akavuta viti. Akili bandia imeshajua kuita wateja. Vidole bado haina.