Mikono ya Bi Harusi

Juzi, katika duka moja la Ukunda, niliuona tena ule mkebe wa krimu wenye kifuniko cha rangi ya waridi. Nikakumbuka alasiri moja Msambweni, dada yangu akisingwa kwa ajili ya harusi, chumba kizima kikinukia liwa na udi. Somo wake, mama aliyemfunda, alikuwa akimpaka krimu hiyo tangu alipoposwa, ili atoke mweupe.

"Somo, mikono yanitetemeka," dada alisema.

"Ni haya tu, mwanangu. Bi harusi gani asiyetetemeka?"

Nami nikakaa mlangoni, nikijifunza kutetemesha yangu.

Siku hizi najua kwamba krimu ile ilikuwa na zebaki, sumu ya figo na mishipa ya fahamu. Dada ana wajukuu sasa. Nikimmiminia chai, huishia nusu kikombe, isije ikammwagikia.