Tishu ya Krismasi

Juzi nilimkuta binti yangu akiburuta tishu ya chooni hadi sebuleni, nikashindwa kumgombeza.

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Mutomo, tishu ya pinki tuliiona Krismasi tu. Mwaka mmoja mimi nilishika ncha moja, Mama akaisokota, tukaibandika ukutani kwa uji mzito wa unga. Nyumba ilinukia chapati. Niliamini karatasi ile ilitengenezwa kwa ajili ya kupamba nyumba, basi.

Alasiri shangazi yangu, mgeni wetu kutoka Nairobi, aliinuka kwenda chooni. Akiwa mlangoni alirarua kipande kirefu cha pambo letu.

“Mama!” nilipiga mayowe. “Shangazi anaharibu Krismasi!”

Mama alicheka mpaka akaketi chini.

“Wifi, rudisha hiyo, ni ya Yesu,” alisema. “Wewe chukua gazeti kama sisi.”