Nilimtumia mama video nikicheka, kumbe wanamzika

Admin, naomba ulifiche jina langu, maana ndugu zangu wamo humu na wanasoma. Nimevumilia nimeshindwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, mtu wa Tanga, shule niliishia kidato cha pili. Nipo Ubelgiji, nachuma uyoga. Mkisikia Ulaya msifikirie mengine. Tunaingia kwenye mabanda yenye giza na unyevu alfajiri, tunatoka mgongo hautaki kunyooka. Aliyenileta huku ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, anakaa Brussels, mtaa wa Etterbeek. Mimi nakaa mbali, huko huko kwenye mabanda, na jiji lenyewe sikuwahi kulitembea. Mama alikuwa akinitania kwenye simu: "Mwanangu, mbona picha zako zote ni uyoga? Huko Ulaya hakuna nyumba?"

Basi Jumamosi moja tukapata mapumziko, tukaamua kwenda kutembea Brussels. Tulikuwa watatu wa banda moja: mimi, Idrisa wa kwetu Tanga, na Pascal, Mkongo wa Bukavu. Kwenye treni Pascal hakunyamaza: "Alors, leo hatuko batu ya uyoga, tuko ba-touristes!"

Tukiwa njiani simu ya Idrisa ikaita. Akaenda kuongelea mlangoni, muda mrefu. Aliporudi akaniambia, "Kaka, simu yako ina kamera nzuri, nipe leo niwe mpiga picha." Nikampa. Nilimwona amepoa, nikadhani ni uchovu.

Tulizunguka. Tulifika kwenye ule uwanja wa zamani wenye majumba yaliyopambwa dhahabu. Tulikwenda kumwona yule mtoto wa shaba anayekojoa, na Pascal akamcheka: "Huyu mutoto ni mudogo hivi, na batu banatoka mbali kumuangalia?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Idrisa alikuwa amegeukia ukutani anafuta macho. Pascal akamwambia, "Papa, unalia nini, ndo kwanza tumefika!" Idrisa akasema ni upepo.

Hapo nikamkumbuka mama na utani wake. Nikamwambia Idrisa anipe simu nimtumie video. Akasema, "Utamtumia jioni, kaka." Nikamnyang'anya kwa mzaha, nikajirekodi: "Mama, nyumba hizi hapa, tena za dhahabu! Leo sichumi uyoga. Cheka kidogo nikusikie." Nikatuma. Haikupita muda nikaona alama za bluu, ameshaiona. Nilifurahi jamani. Nikasubiri anijibu, kimya. Idrisa akaichukua tena simu.

Jioni akasema tupitie kwa mama mdogo tumsalimie. Mlangoni nikakuta viatu vingi. Ndani wanawake wamejitanda khanga, wamekaa chini. Mama mdogo akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, dada hatunaye." Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka Pascal, aliyekuwa hajui lolote kama mimi, ameniegemeza kifuani kwake anarudia, "Pole, ndugu yangu, pole."

Mama alifariki asubuhi, presha, akazikwa siku ile ile alasiri. Idrisa aliambiwa na mama mdogo kwenye ile simu ya treni anizungushe mjini, na simu yangu akae nayo, mpaka watu wakusanyike kwake. Hilo namsamehe. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake njiani, hata mimi ningefanya hivyo.

Linalonitesa ni jingine, nililokuja kulijua baadaye. Baba alimpigia mama mdogo kuuliza, "Mtoto ameambiwa? Tunamsubiri azungumze na sisi, au tuzike?" Mama mdogo akamjibu, "Ameambiwa, nipo naye hapa, analia hawezi kuongea. Amesema zikeni tu, msimpigie." Na mimi muda huo nilikuwa namcheka mtoto wa shaba.

Simu ya mama alikuwa nayo dada yangu Zaituni. Video iliingia jeneza likiwa uani, akaifungua mbele ya watu. Sauti yangu ikasikika msibani: cheka kidogo nikusikie.

Zaituni amenibloku. Baba nilimpigia kabla sijajua kuwa mama mdogo alinisemea, nikabaki nalia. Akaniambia, "Arobaini usije. Kaa huko na nyumba zako za dhahabu," akakata. Tangu hapo hapokei namba yangu. Ni mwenye duka wa pale nyumbani tu anayeweza kumpelekea simu, kama nikiamua.

Nilimwomba mama mdogo aseme ukweli. Alipiga magoti, mtu mzima: "Niliogopa mwili ukae mpaka kesho. Nikisema nilidanganya juu ya maiti ya dada yangu, baba yako atanitoa msibani. Subiri arobaini ipite." Wiki hii anasafiri kwenda kwenye hiyo arobaini. Atakaa kwenye mkeka wa mama yangu, watu watamfariji, na watakaponitukana atakuwa anasikia.

Nikisema, namwondoa ndugu pekee wa mama siku ya kumwombea dua. Nikinyamaza, mama anasomewa hitma na mimi ni yule mtoto aliyemcheka akizikwa. Kila nikitaka kumpigia mwenye duka, mama mdogo ananiwahi, analia kwenye simu. Na sauti yake, jamani, ni ya mama kabisa.

Ninyi mliokwisha kuzika mama zenu, niambieni: nipige kabla hajapanda ndege, au nimwache aende?