Kalibu Moja kwa Bunduki Tatu

Bi Delphia Cogar alipika katika shule yetu ya Laurel Fork kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu hakuuacha upawa. Aliuhamishia bandani nyuma ya nyumba yake, na badala ya supu akawa anayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, apate risasi za bunduki.

Mimi hufunga matairi kwenye gereji ya barabara kuu. Vile vipande vya uzito tunavyobandua kwenye rimu kuukuu huvitia kwenye ndoo, na ndoo ikijaa nampelekea. Ndivyo nilivyomfahamu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, na huanza kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, kwa hiyo hadithi zake nyingi mpaka leo sijui ziliishaje.

Katika milima yetu ya West Virginia, kila Oktoba kabla ya msimu wa kulungu, kikosi cha zimamoto huandaa shindano la shabaha. Kila timu ni watu watatu. Kila mtu huja na bunduki yake mwenyewe ya kipimo cha thelathini, ya aina yoyote, ila risasi za wote watatu lazima zitoke kwenye kalibu moja na wawe wamezimimina wenyewe. Kalibu huandikishwa mwezi mzima kabla, na ukishaiandikisha huibadilishi. Kila mtu ana risasi kumi na dakika mbili. Zawadi ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mimi ndiye ninayeshika saa, maana kazi ile haina maneno mengi: unasema "anzeni", halafu unasema "basi".

Timu ya Bi Delphia ilikuwa yeye na bunduki ya Krag ya marehemu baba yake, mdogo wake Icie na Springfield ya jeshi la zamani, na mumewe Denzil na bunduki fupi ya wenzo, ile ambayo risasi zake hukaa foleni ndani ya bomba chini ya mtutu. Walishiriki miaka kumi na moja bila kushinda hata mara moja, na kila mtu alijua sababu. Denzil hakuwa akimaliza risasi zake. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimla nusu ya kidole na ganzi ikavila vingine. Dakika mbili zilipokwisha alikuwa amepiga sita, au saba akibahatika. Lonzo Hamrick, ambaye timu yake hula lile paja karibu kila mwaka, alikuwa akimuuliza kama aletewe kahawa hukohuko anakopigia.

Julai moja nilipeleka ndoo nikamkuta Bi Delphia hacheki. Alisema Denzil ametangaza kwamba hatapiga tena, nafasi yake apewe Orval, mume wa Icie.

"Miaka thelathini na nane tunakwenda kila mahali pamoja," alisema. "Sasa nikasimame mstarini na Orval, anayetafuna tumbaku kama ng'ombe? Wewe ndiye unayeshika saa, mdogo wangu. Hebu niambie, anachelewa wapi?"

Niliangalia ndoo. Nikasema anachelewa kwa sababu anaingiza risasi moja moja kwa mkono.

"Moja moja vipi? Si anajaza bomba?"

Nikaionyesha kalibu kwa kidole. Kalibu yao ilikuwa ya baba yake Bi Delphia, nayo ilitoa risasi ndefu yenye ncha kali. Ndani ya bomba, ncha ya risasi hugusa kitako cha ile iliyo mbele yake, mahali penyewe penye fataki ya kuwashia baruti. Bunduki ikipiga teke, ncha inaweza kuilipua fataki humo ndani. Hakuna mtu mwenye akili anayejaza bomba risasi zenye ncha.

"Aliniambia huzisawazisha ncha kwa tupa," alisema.

"Alijaribu mwaka wa kwanza, mazoezini. Zilitawanyika. Moja ilitoboa ubao wa Lonzo karibu na katikati, na Lonzo mpaka leo anadai ni yake."

"Nani anayajua haya?"

"Wote."

"Na Icie?"

"Na Icie."

Ni kweli tulijua wote. Lakini kwetu huku mtu hamwambii binti kwamba kalibu ya marehemu baba yake ndiyo inayowaangusha. Wengi wetu tulimzika mzee yule, na wengine walikuwa wamefundishwa naye kupiga. Kwa hiyo miaka yote ile tulinyamaza kwa heshima, na heshima yetu ikambebesha Denzil aibu.

Bi Delphia alitoka mlangoni akamwita mumewe, naye akaja na makombo ya mkate wa mahindi mdomoni.

"Denzil Cogar. Miaka kumi na moja."

Denzil aliniangalia mimi, akaangalia kalibu iliyokuwa mezani, akaelewa. "Kumi," alisema. "Ule mwaka wa mafua sikupiga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila ukimimina kwenye kalibu ile huwa unaimba," alisema Denzil. "Ningeanzia wapi?"

Mimi nilichukua ndoo yangu tupu nikaenda zangu. Siku zilizofuata nilisikia kwamba Bi Delphia ameisafisha kalibu ya baba yake, ameipaka mafuta, ameifunga kwa kitambaa cha pamba na kuiweka kwenye kabati la vyombo vya sikukuu. Sasa alihitaji nyingine, na alikuwa na mwezi mmoja na nusu wa kuichagua na kuiandikisha. Akikosea, Denzil angekuwa na haki ya kukaa nyumbani, na Orval alikuwa ameshaanza kusafisha bunduki yake.

Mchonga kalibu wetu ni Burl Wamsley, mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na moja kipajini. Bi Delphia aliniomba niwaendeshe, kwa kuwa gari langu ndilo lenye nafasi ya watu wanne. Kabla ya safari alifanya kama sisi tunavyofanya: alichukua vipande vitatu vya risasi laini, akakigongesha kila kimoja kwa nyundo ya mti kikapita ndani ya mtutu mmoja, kikatoka na alama za mifereji yake. Kila kipande alikifunga kwenye karatasi na kukiandika jina la mwenye bunduki.

Njiani walibishana. Icie alitaka risasi nzito na ndefu, kama ile ya zamani, kwa sababu Springfield yake huipenda. Denzil alisema wachukue inayowafaa wao, yeye asihesabiwe. Bi Delphia akasema Denzil akirudia maneno hayo atashushwa kwenye gari atembee. Yeye alikuwa ameshaamua: apige hesabu ya unene wa vipande vitatu, achukue wa katikati, kila mtu apunjwe kidogo.

Burl alivipima vile vipande bila haraka. Yote ni mitutu ya kipimo cha thelathini, lakini ule wa Krag ulikuwa mpana kuliko mingine kwa unene wa unywele, na wa Denzil ndio uliokuwa mwembamba zaidi. Bi Delphia akamwambia hesabu yake.

"Ukichukua ya katikati umemkosa babako na umemkosa mumeo," Burl alisema. "Nyembamba ikiingia kwenye mtutu mpana inayumba tu humo ndani, na huna la kuifanya. Nene unaisukuma kwenye pete ya chuma inapungua. Mama, wewe umepika. Shati la mtoto mkubwa si unampunguzia mdogo?"

"Hilo si la jikoni, ni la sindano," alisema Bi Delphia, akaanza kucheka, nami nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Wakakaa na karatasi. Mwili wa risasi uwe mnene kuitosha Krag, nyingine zipitishwe kwenye pete. Sehemu ya mbele, ile inayolala juu ya mifereji, iwe nyembamba kuufaa mtutu unaobana zaidi, maana pale hapapunguzwi. Uzito uwe wa kati, grein mia na sabini, yaani kama gramu kumi na moja. Kitako kiweze kuvaa kofia ndogo ya shaba, kisiyeyuke Icie akiongeza baruti. Na ncha isiwepo kabisa. Mbele iwe bapa, ili zilale salama ndani ya bomba la Denzil.

Icie aliutazama mchoro. "Pua gani hii? Kama ya nguruwe."

"Imemfuata shemeji yako," Bi Delphia alisema.

Kalibu ilifika wiki mbili baadaye. Bi Delphia aliipasha moto, akamimina, na risasi za mwanzo zikatoka zimekunjamana kama zabibu kavu, ndiyo kawaida ya kalibu mpya. Alizirudisha chunguni. Baadaye zikaanza kuanguka juu ya taulo zinang'aa, pembe zake kali. Bunduki ya Denzil ilizikubali tangu siku ya kwanza. Krag ikafuata. Springfield ndiyo iliyoleta kiburi: lile pua bapa liligonga ukingo wa chumba cha risasi likakataa kuingia, na Icie akasema si alisema. Siku ya kuandikisha ilikuwa kesho yake. Bi Delphia alishinda bandani, akizizamisha risasi ndani zaidi ya maganda yake ya shaba kidogo kidogo na kuzijaribu moja baada ya nyingine, hadi komeo la bunduki ya Icie likafunga bila kukwama. Walipokwenda kuzipiga, tano ziliingia kwenye eneo la kisosi cha chai. Icie alikibandua kisahani cha karatasi walichokuwa wakikilenga, akaondoka nacho.

Siku ya shindano kulikuwa na jua na majani mekundu kila mahali. Bi Delphia na Icie walipiga kwanza, vizuri, si ajabu. Kisha wakaitwa wa zamu ya Denzil, Lonzo akiwa kando yake. Denzil alijaza bomba risasi saba, na watu waliokuwa wakila maharagwe wakaacha wakamtazama. Mimi niliinua mkono nikasema anzeni.

Alipiga saba bila kuinua shavu. Zikabaki tatu. Akazichukua kwa vidole vyake vile, akaangusha moja, akaiokota, akaipuliza vumbi. Nilitazama saa na kuomba iende polepole, jambo ambalo mshika saa hatakiwi kuliomba. Ya kumi ililia zikiwa zimebaki sekunde thelathini na moja. Denzil aliweka bunduki chini akasimama tu, mikono ikimning'inia, hajui mtu aliyemaliza mapema hufanya nini. Nikasema basi.

Lonzo alimgeukia. "Denzil, hivyo vidole umepata wapi?"

"Vya mke wangu," Denzil alisema.

Hawakupata paja. Akina Hamrick walilichukua tena, na akina Cogar walikuwa wa tatu kati ya timu tisa. Lakini Bi Delphia alizihesabu tundu za mbao zao kwa kidole, mara mbili, na mara zote mbili zikawa thelathini. Alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

Kisha katibu wa shindano akapita na daftari la timu za mwaka ujao. Alipofika kwao akamuuliza Orval, aliyekuwa ameketi nao, jina lake huandikwaje. Denzil, anayesema kidogo karibu kama mimi, aliichukua kalamu mkononi mwa katibu.

"Orval, shemeji," alisema, "tafuta mtu wa kukupikia risasi." Akaandika jina lake mwenyewe, pole pole, kwa herufi kubwa.