Maji Niliyomchagulia Mume Wangu

Daktari bingwa wa moyo aliniita kando, kwenye korido ya wodi, akaniomba nimchagulie mume wangu maji ya dripu.

Nilikuwa nimestaafu uuguzi miaka kumi na miwili nyuma. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumwona daktari akimwuliza mke wa mgonjwa swali la namna hiyo.

Ilinipasa kushtuka. Badala yake nilivimba kichwa.

Mume wangu alikuwa afunguliwe kifua siku tatu baadaye, abadilishiwe vali moja ya moyo iliyochakaa. Daktari alieleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo huongezewa maji mshipani wakati wa upasuaji na baada yake, na kwamba kabatini mwao mlikuwa na aina mbili. Ya kwanza ni maji ya chumvi ya kawaida, yale niliyoyatundika maisha yangu yote. Ya pili yana chumvi kadhaa, zilizopimwa zikaribiane na zile zilizomo katika damu. Yeye hutumia yote mawili.

"Wewe unamjua mgonjwa kuliko mimi, mama," akamaliza. "Nipe jibu kabla ya upasuaji."

Nikaingia kazini.

Nilinunua daftari. Niliwapigia simu wauguzi wenzangu wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alishikilia maji ya kawaida, kwa kuwa ndiyo tuliyokulia nayo kazini. Mwingine akanionya kwamba hayo yakizidi huitia damu asidi na kuzisumbua figo. Binti yangu aliniambia kwa upole kwamba nawachosha watu. Nikamjibu kwamba baba yake si pipa la kumiminiwa chochote kilichopo.

Mume wangu alikuwa seremala wa viti, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Tangu tulipooana aliniita Sista Mkuu, hata mbele ya wakwe. Siku hizo tatu, kila nilipopita kitandani pake na karatasi zangu, aliligonga godoro kwa kiganja.

"Sista Mkuu, kaa kidogo."

"Nikimaliza hili, Mzee."

"Hata mashine za humu hupumzishwa."

Nilicheka, nikaenda kumtafuta mfamasia.

Asubuhi ya upasuaji nilimpa daktari jibu: aina ya pili. Nilimtolea sababu sita, kwa mpangilio. Nilipogeuka, kitanda cha mume wangu kilikuwa kimekwisha kusukumwa hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Aliniinulia mkono.

Nami nikamwinulia daftari.

Moyo wake haukupata nguvu tena. Aliishi siku mbili kwa mashine, bila kufumbua macho, na mfuko nilioutaka mimi ukidondoka tone baada ya tone juu ya kichwa chake.

Siku ya tatu waliuondoa.

Baada ya mazishi chakula kilinikataa. Waliokuja kunipa pole walisema siku zake zilikuwa zimefika. Nikawaitikia, lakini moyoni nilijua kwamba mimi ndiye niliyemwua.

Mwezi mmoja ulipopita nilirudi kwa daktari. Nilikataa kiti. Nilimwuliza jambo moja tu: kama ningechagua yale maji ya kawaida, mume wangu angekuwa hai?

Alivua miwani, akasema hapana. Kwa moyo uliochoka kiasi kile, aina zote mbili zingemfikisha palepale. Na kama ningechagua kitu cha hatari, asingenifuata.

"Basi kwa nini uliniuliza?"

Akairudisha miwani usoni.

"Aliniagiza yeye, mama."

Siku moja kabla ya kuniita, alikuwa amemweleza mume wangu ukweli wote. Asipopasuliwa, hatamaliza mwezi. Akipasuliwa, huenda asiamke. Mume wangu alikubali kupasuliwa, akaomba nisiambiwe. Kisha akaongeza ombi la pili, na daktari alinirudishia maneno yake kama yalivyokuwa.

"Mpe mke wangu kitu cha kuchagua. Akikosa kazi atanitazama usoni, na akinitazama tu, atajua."

Nikaketi.

Miaka thelathini nilizisoma nyuso za wagonjwa nikiwa mlangoni, kabla hata sijashika mkono wa mtu. Mume wangu aliyajua hayo, akanipiga chenga. Lakini aliyeshindwa kuvumilia chenga yake ni yeye mwenyewe. Alinipa kazi ili nisimtazame, kisha kutwa akawa ananiita nikae.

Nilimwuliza daktari kama mume wangu alisema alitaka kuniambia nini.

Hakuwa amemwambia.

Wewe unayeuguza mtu leo, waachie maji wanaoyajua. Vuta kiti, mtazame mtu wako usoni, hata kama utakiona usichotaka kukiona.