Maji Niliyoyakataa

Binti yangu alikuja mwaka jana kuniomba kipande cha jicho langu zima. Nasema zima kwa sababu ninalo moja tu. La kushoto ni jeupe tangu yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, na sasa yeye mwenyewe ana mvi.

Alitoka ng'ambo, anakofanya kazi ya udaktari wa macho. Akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu hapa Kiterajo, begi moja, akaniamkia, akakaa upande wangu wa kulia. Hilo nililiona. Zamani waliojua kwamba kwangu mtu anakaa kulia walikuwa wengi. Vita ilipotufukuza, wengine walishika njia ya kusini na hawajarudi, wengine wamefia huko huko. Waliokuja kujenga upya ni wageni kwangu. Wanapita kushoto, wananipungia mkono, mimi sioni, siitikii, wanasema bibi yule ana kiburi. Sijawahi kuwaeleza. Mtu hawezi kusimama njiani kila siku kutangaza jicho lake.

Kazi yetu ilikuwa chokaa. Mimi na marehemu mume wangu tulivunja matumbawe makavu, tukayapanga juu ya magogo, tukayachoma mpaka mawe yakawa meupe na mepesi. Jiwe la namna hiyo ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto, linafuka, linapasuka, linakuwa unga. Mtoto wa mchoma chokaa anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kusali: maji usiyasogeze kwenye chokaa mpaka mkubwa aseme.

Siku ile ya jicho nilikuwa nachambua mawe yaliyoiva. Moja likavunjika mkononi, unga wake ukaniingia jichoni. Maumivu sitayaeleza. Binti yangu alikimbilia ndoo, akaja na kata imejaa.

"Mama, inama nikumwagie."

"Mwaga hayo."

"Nikuoshe tu, mama."

"Chokaa hiyo. Unataka kunichemsha jicho? Mwaga nimesema, ulete mafuta ya nazi."

Akamwaga. Mchanga ukayanywa yale maji pale miguuni pangu. Akaleta mafuta, nikatia, nikalifunga jicho kwa kitambaa siku saba. Nilipofungua, giza. Kila mchoma chokaa angefanya nilivyofanya.

Yeye akasoma. Shule ya hapa, kisha ya mjini, kisha mji mkuu kusomea udaktari, kisha Ureno kusomea macho. Kila alipopanda darasa alikuwa mbali zaidi. Kwanza alikuwa anapasua macho ya watu, na hiyo nilielewa: mtu anaingia ameshikwa mkono, anatoka mwenyewe. Halafu akaanza kushinda kwenye chumba cha utafiti, anaotesha ngozi ya jicho ndani ya visahani.

Nikamwambia kwenye simu, "Umeacha kuponya watu, umeanza kulima?"

Akacheka. "Ndiyo, mama. Nalima."

Miaka mingi alilima na haikushika. Alikuwa akipiga Ijumaa baada ya swala, na mimi nilijua kwa sauti tu kwamba visahani vimekufa. Simuulizi. Namuuliza amekula nini. Halafu wajukuu wanakuja kwenye simu, wananiita vovó, ndiyo bibi kwao, wanasema Kireno chao, mimi natikisa kichwa, na simu inakatika.

Basi siku ile alipokuja alinieleza taratibu, kama anaeleza mgonjwa.

"Mbele ya jicho kuna kioo, mama. Pembeni mwa kioo, kuzunguka kote, pana kitalu. Hicho ndicho kinachotoa ngozi mpya kila siku. Chokaa ilikuunguzia kitalu chote."

"Na sasa unataka miche ya shamba la jirani."

"Kidogo tu, kama punje ya ufuta. Tunaikuza juu ya utando wiki mbili, halafu tunaipanda kushoto."

"Utando wa nini?"

"Ule anaozaliwa nao mtoto, ulioshikana na kondo. Mama aliyejifungua anautoa kwa hiari yake."

"Na kondo lake nani kalizika?"

Nimezika makondo ya watoto wa hapa kwa mikono hii. Sikuuliza kwa mzaha.

"Hiyo sijawahi kuuliza," akasema.

"Kaulize. Na hili zima likiharibika kwa kuchokonolewa? Ndilo linalonifikisha kisimani, ndilo linalonionyesha nyoka. Naishi peke yangu. Nikipofuka nani atanishika mkono? Wewe wa kwenye simu?"

Siku tatu hakulisema tena. Alifagia, alipika, alinitungia uzi kwenye sindano zote nilizo nazo. Siku ya nne alikwenda kuchota maji mtungini, akasimama na kata mkononi, akanigeuzia mgongo.

"Mwaka wa kwanza wa kusomea macho," akasema, "mwalimu alituambia chokaa ikimwingia mtu jichoni, ni maji. Maji mengi, hapo hapo, bila kuacha. Nikatoka darasani."

Nikaweka chini nguo niliyokuwa nashona.

"Nilikuwa nayo mkononi, mama. Nikayamwaga."

Miaka yote nilidhani yuko mbali kwa sababu ya kazi. Sikujua kwamba kule alikokuwa, alikuwa bado amesimama tanuuni na kata yake.

Mimi si mtu wa kuwaomba watoto radhi. Nilimwambia, "Ulikuwa na miaka tisa. Aliyesema mwaga ni mimi. Hilo kosa ni langu, nirudishie." Akaweka kata chini. Nikamwambia, "Na hiyo punje yako, nitakupa."

Tukasafiri mpaka kwake Ureno. Hakunipasua yeye. Alisema daktari hampasui mama yake. Mwenzake alishika kisu, yeye akasimama nyuma. Wiki mbili nilikaa ghorofani, madirisha yamefungwa kwa baridi, wajukuu shuleni, na yeye anatoka asubuhi kwenda kulinda visahani. Ilikuwa ngozi yangu, lakini alikaa nayo kuliko alivyokaa na mimi. Jioni akirudi namuuliza, "Yangu inaendeleaje?"

"Inaota, mama."

Kondo aliuliza. Linachomwa hospitalini. Sikupenda, nikamwambia sikupenda.

Wakaipanda ngozi kushoto, ikashika. Jicho la kulia halikudhurika. La kushoto halikurudi kama zamani, nisiseme uongo, kwa sababu kioo chenyewe kina kovu kwa ndani, na kazi yake haijafika huko. Naona mwanga, naona mtu amesimama. Uso siuoni mpaka asogee. Siku ya kufungua kitambaa alikaa kushoto kwangu, akasogea mpaka pua zetu zikakaribia kugusana.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Na wewe."

Tukakaa hivyo mpaka nesi akaja na dawa.

Nimerudi Kiterajo. Yeye amebaki, ana wengine waliounguzwa kama mimi. Nilipofika tu nilikwenda kwa vijana wanaochoma chokaa siku hizi, nikawaambia ikimwingia mtu jichoni, ndoo nzima, na nyingine. "Bibi, chokaa na maji?" Wakacheka sana. Nikawaonyesha jicho, wakaacha kucheka. Kama wameamini sijui.

Wanaopita kushoto sasa nawaitikia. Mmoja alisimama akanitazama kama ameitikiwa na ukuta, kisha akaenda zake.

Ijumaa anapiga.

"Umetia dawa?"

"Nimetia."

"Ziba la kulia. Kushoto unaona nini?"

"Naona mlango."

"Na mlangoni?"

"Hapana mtu," namwambia. "Mlango naona vizuri."